Ishirini na Nane

Saa kumi na mbili kasoro robo. Isongole bado imo ndani ya ukungu.
Nafungua mlango wa bati wa kituo,
naosha mikono hadi viwiko kwa maji yanayouma,
napanga vichupa, spiriti, laktomita.
Kazi yangu ni ndogo: kukubali au kukataa.

Wa kwanza kila siku ni mama Syabumi.
Ng'ombe mmoja, Kisura. Lita saba.
Keni ya alumini aliikopa kwenye ushirika,
nusu amelipa,
nusu nyingine bado imo kwenye chuchu za Kisura.
Laktomita inazama, inaibuka, inatulia:
ishirini na nane.
"Ndaga," ananiambia,
kana kwamba maziwa nimempa mimi.

Ukutani kuna waraka.
Kuanzia Julai, kila akaunti ilete si chini ya lita ishirini kwa siku,
kwa lengo la kuinua ubora.
Nimeusoma mara nyingi kuliko Zaburi
na sijaona bado ni aya ipi
lita zinapogeuka kuwa usafi.

Sisemi mkubwa ni mchafu.
Shamba la kule bondeni lina ng'ombe sitini,
mashine ya kukamulia, tangi la kupozea,
na asubuhi nyingi maziwa yao hunifikia baridi kama chuma,
bila unywele, bila jani.
Ila umeme ukilala, na mlinzi akasahau dizeli,
lita mia nane huganda kwa pamoja mbele ya macho yangu
na kosa halina mwenyewe.
Nauliza: aliyechomwa sindano ni namba ngapi?
Kijana wa lori anatazama viatu vyake.

Wala wadogo si malaika.
Mwakatundu aliniletea ishirini na mbili;
Mto Kiwira wote ulikuwa ndani ya dumu.
"Ada ya mtoto," akasema.
Nikakataa. Hajanisalimia tangu Pasaka.
Na Tumpe, anayekamua kwa mikono safi kuliko yangu,
hutembea saa mbili tangu daraja lichukuliwe na mvua za Machi.
Maziwa yake huondoka matamu, hufika yamechacha.
Daraja halimo kwenye waraka.

Mwezi wa tano mama Syabumi alikuja na keni tupu.
Kaipandisha kilima kizima, tupu, kichwani.
"Kiwele kimevimba. Jana kachomwa sindano.
Siku tatu namwaga, usinisubiri."
Lita ishirini na moja alizinywesha migomba.
Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemlazimisha.
Nilitafuta kwenye daftari safu ya maziwa yaliyomwagwa
ili niandike jina lake.
Nikaandika: *hajaleta*.

Leo Julai mosi.
Wamekuja watatu kwa pamoja, kanga zimelowa umande,
mama Syabumi, Tumpe, na mke wa Mwakatundu,
keni moja, akaunti moja, mpini wameushika kwa zamu.
Wamepiga hesabu usiku kucha:
saba, na tisa, na tano.
Ishirini na moja. Waraka umetimia.

Nachota. Namimina. Laktomita inazama,
inaibuka kidogo,
inatulia.
Ishirini na nne.

Wanasubiri neno langu, nami nasubiri
maziwa yatengane, kila lita irudi kwa ng'ombe wake
inisimulie ilikotoka.
Maziwa hayana desturi hiyo.
Nje lori la bondeni linapiga honi.
Na kwa mara ya kwanza tangu nifungue mlango huu
nawaona wale watatu
wakitazamana.